Yule Mama wa Dawa, Ako na Deni ama Hana?

Guka,

Babu yangu, wacha nianze na ile itakuchekesha. Siku tulikuzika, udongo bado mbichi kwa viatu zetu, Mama Ndinda wa mandazi alinivuta kando. Alikuwa analia kweli kweli, leso imelowa. Nikajua anataka kunipa pole kama wengine. Akanishika mkono, akasogeza mdomo kwa sikio yangu, akauliza: "Pole sana, kijana yangu. Lakini kwani yule mama wa dawa alifungwa?"

Nilicheka kaburini kwako, Guka. Nilicheka mpaka pasta akapoteza mstari, na bibi yako, Cucu, akaniangalia na yale macho unayajua. Lakini makosa si yangu. Makosa ni yako. Mtu gani anakufa katikati ya filamu?

Na si Mama Ndinda pekee. Kwa foleni ya maji waliniuliza. Kwa kinyozi waliniuliza, wembe ukiwa shingoni, na hapo mtu hujibu kwa adabu. Hata yule askari wa kulinda hardware, mwenye anajifanyanga hana haja na mambo yetu, alininong'oneza: "Boss, ile kesi iliisha aje?" Nikamwambia ningojee. Nikaambia kila mtu wangojee. Nilisema kama mtu anajua, na sikuwa najua kitu. Hiyo nilijifunza kwako.

Najua unaijua hiyo filamu, lakini wacha nikukumbushe, kwa sababu pengine huko wamekupa za rangi ukasahau zetu.

Zetu ni nyeusi na nyeupe, zote. Kaseti za Wajerumani, lile boksi uliachiwa na yule mzungu wa kuchimba visima na bibi yake, wakati ulikuwa mpishi wao kule Kona Baridi. Hakuna karate. Hakuna helikopta. Hakuna mtu anaimba. Ni wanaume wa makoti marefu, mvua haiishi, ngazi ndefu yenye kivuli, na kila mara kuna mtu amesimama dirishani anavuta sigara akifikiria dhambi yake. Ukiangalia hivyo unasema, hii itaangaliwa na nani hapa kwetu Noonkopir? Na ule ukumbi wetu wa mabati ulikuwa unajaa kila Jumamosi mchana mpaka watu wanakalia jeri za maji.

Walikuwa wanakuja kwa sababu ya mdomo wako. Unasimama kando ya skrini na ile fimbo yako, mkono mmoja mfukoni kama wakili, unatafsiri. Mjerumani akiongea maneno mengi, wewe unasema machache. Akisema neno moja, wewe unaongea mpaka anamaliza kuvua koti. Inspekta ulimwita Sajini. Mwizi wa benki ulimpa jina la jirani mwenye hakurudisha wilibaro yetu. Na mimi nabonyeza rimoti, sauti juu, sauti chini, kwa sababu bila mimi, Guka, wewe ungekuwa mzee tu anaongea na ukuta. Usikatae. Cucu alisikia ukisema hivyo.

Halafu kile kitu chako. Jaji anasimama. Amekunja karatasi, anafungua mdomo atoe hukumu. Unainua fimbo, mimi nabonyeza, skrini inakuwa nyeusi. Watu wanapiga kelele kama wamemwagiwa maji. Na wewe, mtulivu kabisa: "Hapo nimezima. Nyinyi ndio jaji. Ako na deni ama hana?"

Wa "ako na deni" wanasimama upande wa tangi la maji. Wa "hana" wanabaki upande wa mlango. Chai inatoka, mandazi inatoka, na hapo ndio filamu inaanza. Jumamosi ingine ndio unaonyesha mwisho. Hiyo wiki yote watu wanabeba kesi ya Mjerumani kila mahali. Watoto wakipigana kwa ploti wanaulizana, "Una deni ama hauna?" Nilisikia hata pasta akisema hivyo kwa mahubiri, na hakutaja hilo neno amelitoa wapi.

Sasa, yule mama wa dawa. Ana duka la dawa kwa mji mdogo, mwanamke wa kola nyeupe, nywele zimebanwa. Anakuja mwanaume mgonjwa wa moyo. Huyo mwanaume, wakati wa vita, alipeleka jina la kaka ya huyu mama kwa wanajeshi. Kaka akachukuliwa, hakurudi. Mama anajua. Mwanaume hajui kama mama anajua. Siku hiyo stima imepotea dukani. Anapanda ngazi na mshumaa, anatoa chupa, anampa. Mwanaume anakunywa, anakufa. Chupa si yenyewe. Alikosea gizani, ama alichagua? Kortini wanamuuliza, ananyamaza. Wanamuuliza tena, ananyamaza. Mjane wa yule mwanaume amekaa mbele, anamwangalia tu. Jaji anasimama.

Ukazima.

Na hiyo siku ilikuwa moto! Mzee Parsaloi alisimama kwa tangi, rungu chini ya kwapa, akasema, "Mimi niko hapa. Mtu amekufa. Ako na deni." Mama Ndinda, mlangoni: "Wewe mzee, stima ilikuwa imepotea! Mimi mwenyewe nimewahi kuweka chumvi kwa chai ya harusi." Mzee akamjibu, "Na watu ya harusi ulienda kuwaambia pole, ama ulinyamaza kama huyu?" Mama Ndinda akatafuna mandazi yake mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Jumamosi."

Halafu Alhamisi ukakaa mlangoni na kikombe chako, jua kwa magoti, ukaenda. Bila kelele. Kama stima ya hapa kwetu, hakuna kuaga. Nilidhani umelala. Nilikuambia, "Guka, chai inapoa." Nikasema tena. Hiyo nitaacha hapo.

Baada ya matanga, Uncle Njoro alikuja kupima mabati yetu. Si kwa ubaya, unamjua kijana yako, yeye anapenda kitu chenye kinaeleweka. Akasema ataweka meza ya pool. Nikamwambia hii ni ukumbi wa filamu. Akaniangalia, akasema, "Baba alikuwa anajua Kijerumani. Wewe, ukaacha shule form two, unajua nini?" Nikamwambia najua rimoti. Akacheka, halafu akasikitika kidogo, nikaona. Akasema sawa, ananipa Jumamosi moja. Watu wakikuja na wakikaa mpaka mwisho, ataacha mabati vile iko. Wakitoka katikati, meza inaingia.

Unajua mimi naringa. Nilijiambia, nimesikia Kijerumani tangu nikinyonya, hii ni kazi ya mkono mmoja. Nikafunga mlango, nikaweka kaseti, nikaangalia huo mwisho peke yangu.

Guka, sikusikia kitu.

Jaji anaongea mpaka nikapiga miayo. Mama anatoka. Mvua, kama kawaida. Anatembea barabara ndefu, anafika kwa nyumba, anagonga. Mjane anafungua. Mama anasema maneno machache, kidogo tu, kama mtu anauliza chumvi. Mjane anakaa hapo, anamwangalia. Halafu anasogea kando, mama anaingia, mlango unafungwa. Imeisha.

Ningebuni. Unajua naweza. Ningesema jaji amemfunga maisha, ningesema mjane ni dada yake walipotezana, watu wangelia, mandazi ingeisha. Nilikuwa nimeanza hata kupanga maneno. Lakini nikafikiria Mzee Parsaloi amesimama kwa tangi tangu siku ile, ni kama hajakaa chini. Nikafikiria Mama Ndinda kaburini kwako. Hawa watu hawakuwa wanangoja hadithi. Walikuwa wanangoja hukumu. Na hukumu ya mtu hata mimi, na mdomo yangu yote, siwezi kubuni.

Hapo ndio nikaenda kubisha kwa Naserian.

Humjui vizuri. Ni yule msichana wa Entarara, huko chini ya Loitokitok, alihamia ploti yetu nyumba ya mwisho, yule wa kubeba vitabu kifuani kama ngao. Anasoma Kijerumani aende kuwa nesi huko. Mimi nilikuwa namsumbua kila asubuhi, "Daktari, niangalie, naumwa na roho," na yeye ananipita kama nguzo ya stima. Sasa nimesimama mlangoni kwake nimevua kofia. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Leo unaumwa wapi?"

"Leo ni kweli," nikamwambia. "Guka aliacha kesi."

Akaja. Akakaa kwa benchi ya mbele, daftari kwa magoti. Wacha nikuambie, Kijerumani chake ni cha hospitali. "Inauma wapi, ulikula nini, geuka upande huu." Jaji akianza kuongea kile cha zamani cha korti, Naserian anakunja uso, ananiambia rudisha. Narudisha. Rudisha tena. Kaseti ikaanza kulia ndani ya deki, nikasema Mungu wangu, itatafunwa, tutabaki bila jaji. Lakini pole pole akatoa. Jaji anasema ushahidi hautoshi. Hakuna mtu aliona mkono ukichagua chupa. Mama aende nyumbani, hana hatia.

"Hana deni," nikasema, nikimrekebisha.

"Hana hatia," akasema. "Shuldig. Hapo ni hatia."

"Hilo neno nalijua kabla hujazaliwa. Ni deni. Guka alisema deni."

Akanionyesha kwa kitabu chake, kidole juu ya mstari. Hatia. Nikaangalia hicho kidole, Guka, nikakisukuma kando. Juu mimi nimekaa miaka yote nikiringa na wewe. Nimepigania Kijerumani chako shuleni mpaka nikapasuliwa mdomo. Na sasa, kesi zetu zote, wale watu wote upande wa tangi na upande wa mlango, ilikuwa neno umekosea? Jaji anauliza hii, wewe unatuambia ile? Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kuficha hiyo kaseti mahali hata panya haifiki.

Nikakumbuka keki.

Ile hadithi yako ya keki, tulikuwa tunakuambia umeisema sana. Jirani Mmaasai huko Kona Baridi alikuwa analetea bibi ya mzungu maziwa kwa kibuyu, bila kuitishwa, anaweka tu mlangoni anaenda. Na yule mama Mjerumani kila mara anashika kifua anasema shuldig, shuldig, halafu anakuingiza jikoni mnapika keki, na wewe unaipeleka kwa boma. Hapo ndio ulilijua hilo neno. Si kwa kitabu. Kwa maziwa na keki. Ungelitafsiri aje kama si deni?

Nikamwambia Naserian hiyo. Hakucheka. Akaniambia, "Weka pale mlangoni."

Mvua, mama anagonga, mjane anafungua, maneno machache. Rudisha. Maneno machache. Akainamia skrini mpaka uso wake ukawa na mvua ya filamu. Rudisha. Halafu akakaa nyuma, akafunga daftari.

"Ni lile lile neno," akasema. "Shuldig. Lakini hapa si hatia. Hapa anamwambia mjane, niko na deni yako. Nimekuja juu hii ni deni yako." Akanigeukia. "Kwao ni neno moja. Linageuka kulingana na mahali limesimama."

Nilimwambia rudisha, nikasahau rimoti iko kwangu.

Jumamosi, Guka. Nikuambie Jumamosi.

Walijaa. Walijaa mpaka askari wa hardware akaacha hardware. Mzee Parsaloi akaingia, nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa," akanijibu, "Hepa," akaenda moja kwa moja kusimama kwa tangi, hakuna mtu amemuuliza. Mama Ndinda akaweka beseni yake mlangoni kama kizuizi cha polisi. Uncle Njoro akaingia nyuma, mikono kifuani, macho kwa kona ile anataka kuweka meza. Nikachukua fimbo yako. Ni fupi kwangu, ulikuwa mfupi, hukuwahi kukubali. Naserian akakaa karibu na goti yangu, ananinong'oneza, na mimi natoa kwa sauti. Yeye akisema "jaji anasema ushahidi hautoshi," mimi nasema, "Jaji anasema: nani aliona? Nani alishika mshumaa? Leteni huyo mtu hapa! Hayuko? Basi!" Akanifinya mguu. Nikaendelea.

"Jaji anasema huyu mama hana hatia. Aende nyumbani."

Upande wa mlango ulilipuka kwa kelele. Mama Ndinda aliruka, beseni ikaenda, mandazi ikaviringika mpaka kwa tangi, akapiga kelele, "Stima! Si nilisema stima!" Wa tangi wakaanza kuguna. Mtu akauliza, kwani Guka alikuwa anasema deni, hii hatia imetoka wapi? Na Uncle Njoro nikamwona anatazama mlango. Watu wengine walikuwa wamesimama. Walidhani imeisha.

Nikainua fimbo. Hapo nilikuwa naogopa, nakuambia wewe pekee, ukimwambia mtu huko nitakataa.

"Kaeni. Jaji amemaliza. Mama hajamaliza."

Wakakaa. Mvua ikaanza kwa skrini, na unajua mabati yetu, hakuna mvua nje lakini watu walivuta sweta. Anatembea. Anagonga. Mjane anafungua. Naserian hakuninong'oneza. Hakuhitaji. Nilisema pole pole, sauti ya mtu anauliza chumvi:

"Mama, niko na deni yako."

Mlango ukafungwa. Skrini ikawa nyeusi yenyewe, sikubonyeza.

Hakuna mtu alipiga kelele. Halafu mtu wa mlangoni akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa alifanya makusudi ama hakufanya?"

Nikasema, "Mlango umefungwa. Hiyo ni yao wawili."

Mzee Parsaloi akagonga rungu chini. "Ndio hiyo," akasema. "Korti ni ya serikali. Serikali ikimwachilia, sawa, serikali imeenda. Lakini mtu amekufa, hata kama hukukusudia, lazima miguu yako ifike kwa boma ya wenyewe. Hawa Wajerumani wako na akili." Halafu akatoka kwa tangi, Guka. Akavuka ukumbi, akaokota mandazi moja chini, akaifuta vumbi kwa shuka, akampelekea Mama Ndinda. "Wewe ulishinda kwa jaji," akamwambia. "Mimi nimeshinda kwa mlango." Mama Ndinda akamwambia, "Kula hiyo, mzee, ni yako, imeshaanguka." Na ukumbi mzima ukavunjika kwa kicheko.

Walibaki wakibishana mpaka ng'ombe zikapita zikirudi. Na mwenye alikuwa anabishana kuliko wote, amevua koti, amesimama juu ya benchi, anamfokea kinyozi kwamba mjane hakufaa kufungua mlango, alikuwa Uncle Njoro. Baadaye nikamuuliza, na pool? Akasema, "Pool gani? Wewe, kwani filamu ingine ni ya nini?"

Sijui kama ulijua, Guka. Pengine ulijua neno liko na sura mbili na ukachagua ile yenye Noonkopir ingeelewa. Pengine ulijua keki peke yake na ukabahatika. Kama ulijua, basi ulikuwa mjanja kuliko mimi, na hiyo ni ngumu kumeza. Kutoka sasa mimi natumia yote mawili. Jaji akisema, nasema hatia. Mtu akigonga mlango, nasema deni. Watu wameshazoea, na watoto wa ploti wameongeza swali: "Jaji ama mlango?" Ukiwasikia utaringa, na nitakuacha uringe kidogo.

Mengine ni haya. Cucu anakula vizuri. Ameanza kuja Jumamosi, yeye mwenye alikuwa anaita filamu zako "mazishi ya wazungu". Anakaa kwa kiti chako na hataki mtu akiguse. Benchi ya nyuma nimeipiga misumari. Naserian ananifundisha Kijerumani, mimi namfundisha kuongea na watu bila daftari. Anasema mimi nina matamshi mabaya kuliko wote amewahi kusikia. Nimemwambia ninaumwa na roho, akaniuliza, kwa Kijerumani, inauma wapi, na hakunipita kama nguzo. Hiyo nayo nimezima hapo, wewe ndio jaji.

Kitu nataka kukuahidi ni kimoja. Lile boksi liko na kaseti hukuwahi kugusa, zile uliweka chini kabisa ukisema ni ngumu, hazina mtu mzuri ndani. Nitazisikiliza zote. Nitajifunza mpaka Mjerumani akiongea nisihitaji mtu kwa goti yangu, ingawa goti ya Naserian siikatai. Sitabuni hukumu ya mtu. Na kila Jumamosi, jaji akisimama, nitainua fimbo yako fupi.

Ulinilea, ukanipa sauti yako, hukuniitisha kitu, uliweka tu mlangoni kama yule jirani wa maziwa. Kwa hivyo leo nimekuja mpaka hapa kwako, nimekaa kwa nyasi, barua mkononi, viatu vichafu, nikusomee kwa mdomo kwa sababu huko sijui kama wanakuruhusu miwani.

Guka, niko na deni yako.

Lala salama, mzee wangu. Usinijibu haraka. Skrini iwe nyeusi kidogo, chai itoke, mimi niko na rimoti.

Hapo nimezima.

Kijana yako wa rimoti